Leseni ya uuguzi nje ya nchi: mwongozo kamili kwa muuguzi wa Tabora na Kigoma

Mwongozo huu ni wa muuguzi aliyesomea Tanzania, mwenye leseni hai, anayefanya kazi hospitali ya Kitete, Maweni, Nkinga au Kabanga, au kwenye kituo cha afya cha ndani kabisa huko Uvinza au Sikonge, na sasa anataka kusajiliwa nje. Tumeichukua Uingereza kuwa njia kuu kwa sababu hatua zake ziko wazi na ada zake zimetangazwa. Ghuba na Marekani tumezigusa kuelekea mwisho.

Jambo moja lishike mapema. Baraza la nje halikuulizi wewe kama ni muuguzi. Linaliuliza Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, linauliza chuo chako na mwajiri wako. Hao wakijibu, na majina yakafanana, kinachobaki ni mitihani. Wasipojibu, faili litalala hata kama Kiingereza chako ni cha kupigiwa mfano. Ndiyo maana sehemu ndefu ya mwongozo huu inahusu kazi unayoweza kuifanya ukiwa bado Tabora au Kigoma, kabla hujalipa pauni hata moja.

Wewe ni muuguzi wa ngazi gani?

Mwenye astashahada asianze kulipa ada yoyote. Rejista ya Uingereza unayoilenga ni ya wauguzi wa ngazi ya kwanza, kwa hiyo kamilisha stashahada kwanza, Baraza la hapa likupandishe daraja, ndipo uanze. Mwenye stashahada au shahada aendelee.

Halafu kuna la ukunga. Hapa kwetu mtu anahitimu uuguzi na ukunga kwa pamoja, anazalisha usiku na asubuhi yupo wodi ya wanaume. Kule ni kazi mbili, sehemu mbili za rejista na mitihani miwili. Uuguzi wenyewe umegawanyika katika nyanja nne: watu wazima, watoto, afya ya akili, na ulemavu wa kujifunza. Wahitimu wetu wengi huomba nyanja ya watu wazima, na ni uamuzi wa busara, kwa sababu ndiyo inayolingana na mafunzo yao na ndiyo yenye nafasi nyingi. Usichague ukunga eti kwa sababu umezalisha mamia ya akina mama. Chagua kwa kuangalia mafunzo yako yalivyoandikwa na kazi utakayoomba.

Majina

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Weka mezani karatasi tano: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cheti cha chuo, cheti cha usajili cha Baraza, na kitambulisho cha NIDA au pasipoti. Soma majina herufi kwa herufi, halafu tarehe ya kuzaliwa, halafu mpangilio: jina gani limekaa kama la kwanza, lipi ni la ukoo.

Mara nyingi utakuta hivi. Kidato cha nne kinasema Rehema J. Kagoma. Cheti cha chuo kinasema Rehema Juma Kagoma. Leseni, iliyotolewa baada ya ndoa, inasema Rehema Kagoma Masanja. Mtaani kwenu kila mtu anajua huyo ni Rehema yule yule. Kwa afisa anayefungua faili huko London, hao ni watu watatu.

Kanuni ya kurekebisha ni kuanza na karatasi isiyobadilika kirahisi, kisha nyingine zote ziifuate. Vyeti vya shule na vya chuo ndivyo vigumu zaidi kubadilisha. Kama bado hujapata pasipoti, jaza maombi yake kwa majina kamili yaliyo kwenye cheti cha chuo, kwa mpangilio ule ule. Pale penye herufi moja ya kifupi kama hiyo J, nenda kwa wakili ukaapishwe kiapo kinachotaja majina yote mawili jinsi yalivyoandikwa, namba ya kila cheti, na kwamba ni mtu mmoja. Kama umebadili jina kabisa, kiapo cha kawaida hakitoshi. Unahitaji hati rasmi ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Cheti cha ndoa kiambatanishwe pia. Ukishapata hati hiyo, peleka nakala Baraza ili rejista ya hapa isome sawa na pasipoti. Wengi husahau hatua hii ya mwisho, kisha Baraza linatuma uthibitisho kwa jina la zamani na kazi inaanza upya.

Tarehe ya kuzaliwa nayo iangaliwe. Aliyezaliwa kijijini na kuandikishwa ukubwani mara nyingi ana mwaka mmoja NIDA na mwingine kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA. Rekebisha kabla ya pasipoti.

Pasipoti inaombwa kwa mtandao kwenye mfumo wa Idara ya Uhamiaji, ada ni shilingi 150,000, na ofisi za mikoa zipo Tabora mjini na Kigoma mjini. Kwa ndugu zetu wa Kigoma, hasa Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko, jiandae kwa maswali zaidi kuhusu uraia, maana ni mkoa wa mpakani. Beba cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo chake, kitambulisho chake cha NIDA, na barua ya serikali ya kijiji au mtaa. Ukienda na hivyo siku ya kwanza, unajiokoa na safari za kurudi.

Baraza, Dodoma

Tofautisha usajili na leseni. Usajili ni kuingizwa kwenye daftari. Leseni ndiyo inayokuruhusu kufanya kazi sasa, na ina mwisho. Baraza la nje linataka vyote viwili viwe hai. Kabla ya kuomba chochote, ingia kwenye mfumo wa Baraza uhakikishe leseni haijaisha, pointi zako za mafunzo endelevu zimeingizwa, na barua pepe na simu ni zako za sasa.

Unachokiomba Baraza ni uthibitisho wa usajili na hadhi njema, yaani kauli kwamba umesajiliwa, leseni ni hai, na huna shauri la kinidhamu. Uthibitisho huu unatoka Baraza na kwenda moja kwa moja kwa baraza la nje. Kosa linalojirudia ni muuguzi kuomba barua, kuipokea mkononi, kuiskani steshenari na kuituma mwenyewe. Haihesabiki, hata kama ina muhuri halisi. Muulize afisa anayeshughulikia mambo matatu: imetumwa lini, kwa anuani ipi, na kwa namba gani ya kumbukumbu. Andika majibu kwenye daftari lako. Siku baraza la nje likisema halijapokea, unayo pa kuanzia.

Chuo

Vyuo vingi vya afya vya serikali vilibadilishwa majina miaka ya nyuma. Cheti chako kinaweza kubeba jina ambalo leo halipo kwenye tovuti yoyote, na mhakiki wa nje akilitafuta halioni. Nenda chuoni, siyo kwa simu, ukaombe barua fupi ya mkuu wa chuo inayosema chuo kilichoitwa hivi sasa kinaitwa hivi, na kwamba ulisoma pale kuanzia mwezi na mwaka fulani hadi fulani.

Ukiwa hapo hapo, pita masijala. Waombe wahakikishe faili lako lipo, na uwaachie karatasi yenye jina lako kamili, mwaka wa kuhitimu, namba ya mtahiniwa na jina la taasisi itakayowaandikia. Uulize pia ni barua pepe ipi inasomwa kila siku, maana mara nyingi iliyo kwenye tovuti haifunguliwi na mtu. Swali la mhakiki likikaa wiki nyingi bila jibu, ripoti hutoka ikisema uthibitisho umeshindikana, na hiyo inakuumiza karibu sawa na cheti bandia. Aliyesoma Ndala akahamia Kigoma apange safari hii wakati wa likizo, kabla ya kufungua maombi.

Omba pia nakala rasmi ya matokeo yenye saa za nadharia na za vitendo kwa kila somo. Uingereza huenda wasikuulize, lakini Marekani watakuuliza, na ni afadhali uitoe wakati uko pale.

Barua ya mwajiri

Iwe kwenye karatasi yenye nembo, na iseme jina kama lilivyo kwenye pasipoti, cheo, wodi ulizofanyia kazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza kwa siku, mwezi na mwaka, na saa za kazi kwa wiki. Isainiwe na mwenye mamlaka: mganga mfawidhi, mganga mkuu wa wilaya au mkurugenzi, iwe na muhuri na barua pepe ya kiofisi. Barua nzuri yenye barua pepe binafsi ya matroni hutiliwa shaka. Kama hospitali haina barua pepe rasmi, tumia ya halmashauri.

Kiingereza

Ulisoma uuguzi kwa Kiingereza, ni kweli, lakini Tanzania haimo kwenye orodha ya Uingereza ya nchi ambazo Kiingereza ndiyo lugha ya wengi. Panga kufanya mtihani. Ipo njia ya ushahidi wa mwajiri, lakini ni kwa mtu ambaye tayari ameajiriwa huko kwenye afya au huduma za jamii kwa miezi 12; kwa aliye Urambo haisaidii.

Una mitihani miwili ya kuchagua. IELTS ya kitaaluma: unatakiwa kupata 7.0 kwenye kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika. OET: daraja B kwenye hivyo vitatu, na C+ kwenye kuandika. Ukikosa kidogo, unaruhusiwa kuunganisha matokeo ya mara mbili ndani ya miezi 12, mradi hakuna alama iliyoshuka chini ya 6.5, na 6.0 kwa kuandika. Kwa OET mpaka huo ni C+ na C. Matokeo hudumu miaka miwili.

Tunashauri OET kwa muuguzi aliye kazini, pamoja na kwamba ni ghali zaidi. Sababu ni kwamba inapima lugha ya wodi: kusikiliza makabidhiano, kusoma miongozo ya dawa, kuongea na mgonjwa, kuandika barua ya rufaa au ya kuruhusu mgonjwa. IELTS itakutaka uandike insha ya maneno 250 kuhusu usafiri wa mijini au elimu.

Sehemu inayowaangusha wengi ni kuandika. Kwenye OET unapewa kumbukumbu za mgonjwa, dakika 5 za kusoma na 40 za kuandika, barua ya maneno kama 180 hadi 200. Muuguzi wetu, aliyezoea kuandika kila kitu kwenye faili ili asije akaulizwa, hunakili kumbukumbu zote. Hapo anapoteza alama. Mtahini anauliza: msomaji wa barua hii ni nani na anahitaji nini? Mgonjwa wa kisukari anayepelekwa kwa muuguzi wa jamii kubadilishiwa bandeji ya mguu hahitaji historia ya upasuaji wa tonsili wa utotoni. Sentensi ya kwanza iseme nani, ana nini, na unaomba nini. Fanya zoezi hili kila siku kwa faili la kufikirika, kwa saa, na mpe mwenzako asome aseme kama angejua la kufanya kesho asubuhi.

Kusikiliza nako kunahitaji masikio yaliyozoea lafudhi. Pakua mazungumzo ya kitabibu ya Waingereza na Waaustralia ukiwa na bando nzuri, usikilize ukiwa njiani kwenda zamu. Siku ya mtihani fika mjini ulipo mtihani angalau siku moja kabla. Usipange kushuka kwenye treni ya Kigoma asubuhi na kuingia chumba cha mtihani mchana. Reli ya kati inachelewa, na mtihani hauahirishwi kwa ajili yako. Kitambulisho ni pasipoti ile ile uliyojisajilia.

Maombi kwa baraza la Uingereza

Baraza hilo linaitwa Nursing and Midwifery Council, na maombi yote ni kwa mtandao. Ada ziko hivi: tathmini ya sifa pauni 140, mtihani wa kompyuta pauni 83, kuingizwa kwenye rejista pauni 153, mtihani wa vitendo pauni 794. Jumla ni pauni 1,170 kabla ya mtihani wa Kiingereza, visa na nauli. Ada hupitiwa mara kwa mara, kwa hiyo zisome tena kwenye tovuti yao siku unayolipa.

Unalipa kwa kadi. Kadi nyingi za benki za hapa zimefungwa malipo ya mtandaoni ya nje hadi uombe yafunguliwe, na zina kikomo cha siku. Nenda tawini kwanza. Kadi ikikataliwa mara kadhaa mfululizo mfumo unaweza kuifungia, ukakwama wikiendi nzima.

Wakati wa kujaza, tumia barua pepe moja ya kudumu ambayo nywila yake unaijua wewe. Usimpe kijana wa steshenari afungue kwa barua pepe yake. Kila ujumbe wa miaka miwili ijayo utapita humo.

Mtihani wa kompyuta

Unafanyika kwenye vituo vya Pearson VUE, nawe unachagua kituo kwenye mfumo wao. Una sehemu mbili. Sehemu A ni hesabu za dawa: maswali 15 kwa dakika 30, unaandika jibu mwenyewe. Sehemu B ni maswali 100 ya kuchagua kwa saa mbili na nusu. Ukifeli sehemu moja unarudia hiyo tu, baada ya siku 10.

Sehemu A inafaulika kabisa, na bado watu wazuri wanaifeli kwa haraka. Hesabu zenyewe ni hizi. Mgonjwa apewe miligramu 400 za dawa, chupa ina miligramu 250 kwa mililita 5: gawanya 400 kwa 250, zidisha kwa 5, jibu mililita 8. Dripu ya mililita 1,000 iende saa 8, seti ina matone 20 kwa mililita: 1,000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata 41.67, unaandika 42 kwa sababu hakuna sehemu ya tone. Tatizo huwa ni kusoma vibaya: swali linataka mililita kwa saa, mtu anatoa matone kwa dakika, dozi imeandikwa kwa mikrogramu, chupa kwa miligramu, swali limesema desimali moja, mtu anaandika mbili. Soma sentensi ya mwisho ya swali kwanza.

Sehemu B inapima uuguzi kwa sheria na desturi za kule. Maarifa yako ya malaria na utapiamlo hayatatumika sana. Yatatumika ya wazee, vidonda vya kulala, shida ya akili ya uzeeni, ridhaa ya mgonjwa, na ulinzi wa watu walio hatarini. Soma kanuni za maadili za baraza lao neno kwa neno. Penye majibu mawili yanayofanana, lile linalomsikiliza mgonjwa na kutoa taarifa kwa kiongozi wa zamu mara nyingi ndilo sahihi.

Hati ya polisi na afya

Hati ya polisi ya kutokuwa na rekodi ya jinai isiwe ya zaidi ya miezi 6. Watu huiomba mwanzoni kwa sababu ni rahisi, ikaisha wakisubiri matokeo ya Kiingereza. Iombe baada ya kufaulu mtihani wa kompyuta. Alama za vidole zichukuliwe vizuri: anayenawa dawa za kuua vijidudu kutwa nzima vidole vyake husuguka, fomu ikarudishwa. Pumzisha mikono siku kadhaa, paka mafuta usiku, kausha kabla ya wino.

Kazi, mawakala na orodha ya WHO

Hapa tunaomba usome polepole. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Tanzania imo. Uingereza inaifuata: waajiri na mawakala wao hawaruhusiwi kuja kuandikisha wauguzi kwenye nchi hizo. Wewe mwenyewe unaruhusiwa kabisa kuomba kazi iliyotangazwa, moja kwa moja kwa mwajiri. Kwa hiyo mtu anayekodi ukumbi Tabora na kuandikisha wauguzi kwa ajili ya hospitali za Uingereza ama hajui sheria, ama anaijua na anakudanganya. Vilevile wakala wa Uingereza haruhusiwi kukutoza fedha ya kukutafutia kazi. Akisema shilingi milioni tatu za usajili, ondoka.

Ulaghai mwingine ni huu: "Nenda kwanza kama mhudumu wa wazee, leseni utaipatia huko." Tangu tarehe 22 Julai 2025, Uingereza ilifunga visa mpya za wahudumu wa aina hiyo kwa waombaji walio nje ya nchi. Anayeuza njia hiyo leo anauza kitu kisichokuwepo.

Kazi halali za hospitali za umma za Uingereza hutangazwa kwenye tovuti ya NHS Jobs. Kila tangazo lina orodha ya sifa. Andika maelezo yako ukijibu kila sifa kwa mfano wa kazi: wodi ina vitanda vingapi, unasimamia nani, ulifanya nini mgonjwa alipobadilika ghafla. Usaili huwa kwa video. Zingatia saa: saa 4 asubuhi ya London ni saa 6 mchana kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa 7 mchana wakati wa baridi. Tafuta chumba chenye umeme wa akiba na mtandao wa laini mbili tofauti.

Ukipewa kazi, mwajiri hutoa hati ya udhamini, nawe unaomba visa ya wafanyakazi wa afya, ambayo haina tozo ya huduma za afya. Mtu anayetoka Tanzania anapimwa kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa, na cheti chake hudumu miezi 6. Kwa waliofanya kazi wodi za TB au kambi za Nyarugusu na Nduta, beba kumbukumbu za vipimo na matibabu ya nyuma kama zipo, maana kovu la zamani kwenye picha ya kifua huleta vipimo vya makohozi vinavyochukua wiki kadhaa.

Mtihani wa vitendo

Unafanyika Uingereza, una vituo 10, yaani kazi fupi 10 unazopita moja baada ya nyingine, na kwa mwenye visa ya kazi jaribio la kwanza liwe ndani ya wiki 12 tangu tarehe ya kuanza kazi, kufaulu ndani ya miezi 8. Waajiri wengi hulipia na kukupa mafunzo. Uliza hilo kwenye usaili. Ukifeli vituo saba au pungufu unarudia hivyo tu kwa pauni 397.

Vituo vinne vinafuata mchakato wa uuguzi: kutathmini, kupanga, kutekeleza, kufanya tathmini ya mwisho. Vinne ni ujuzi wa mikono, na viwili ni vya kuandika kimya kimya. Mikono yako tayari inajua. Kinachoangusha ni kufanya bila kusema na bila kuandika. Nawa au sema unanawa. Uliza jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, linganisha na mkanda wa mkononi. Uliza mzio kabla hujagusa dawa, hata kama karatasi imeuandika. Omba ridhaa. Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja, weka herufi za jina, tarehe na saa. Usifute wala kufunika kwa wino mweupe. Jifunze NEWS2, mfumo wao wa alama za hatari unaojumlisha upumuaji, oksijeni ya damu, kama mgonjwa yuko kwenye oksijeni, shinikizo la damu, mapigo, fahamu na joto. Uanze kuujaza kwa wagonjwa wa kufikirika ukiwa bado Kitete.

Ghuba na Marekani, kwa kifupi

Saudia, Falme za Kiarabu na Qatar hutumia kampuni ya DataFlow kuhakiki vyeti kwa aliyevitoa. Yote tuliyosema kuhusu masijala ya chuo yana uzito mara mbili hapa, maana ripoti mbaya inakufuata nchi nyingine za huko. Andaa uzoefu wa miaka miwili usiokatika baada ya leseni, na usisaini mkataba wa lugha usiyoielewa.

Marekani kila jimbo lina bodi yake. Vyeti hutathminiwa, mara nyingi na taasisi ya CGFNS ambayo sasa inaitwa TruMerit, kisha unafanya mtihani wa leseni uitwao NCLEX-RN: maswali 85 hadi 150, saa 5, dola 200 pamoja na dola 150 za kufanyia nje ya Marekani. Ukifeli unasubiri siku 45. Bodi zinadai nadharia na vitendo vya watu wazima, watoto, uzazi na afya ya akili. Saa za afya ya akili ndizo hupungua kwenye karatasi zetu. Chagua jimbo baada ya kusoma masharti yake.

Kuondoka kazini

Mtumishi wa umma asiondoke kimya. Kutokuwepo kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa ni kosa la kufukuzisha, na aliyefukuzwa barua yake ya mwajiri inageuka kuwa ushahidi dhidi yake. Andika barua ya kuacha kazi au ya likizo bila malipo, ipite kwa mganga mfawidhi hadi kwa mkurugenzi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Fanya hivyo ukiwa na visa mkononi, siyo ahadi ya kazi. Mwenye mkopo wa elimu ya juu apange na Bodi ya Mikopo namna ya kuendelea kulipa akiwa nje.

Na leseni ya Tanzania iendelee kuhuishwa hata ukishapata namba ya Uingereza. Ukitaka kuhamia nchi ya tatu, swali la kwanza litarudi Dodoma, na leseni iliyokufa miaka minne ni kazi kubwa kuifufua ukiwa mbali.